Nova ya 72, oili yenye zinki na pesa kidogo niliyotumia kuiamsha

Jumamosi iliyopita nimemwaga oili ya Nova. Nikaiacha ichuruzike taratibu mpaka tone la mwisho, af nikachukua nati ya sampu, ile yenye sumaku, nikaifuta kwa kidole. Kulikuwa na uji mweusi mwembamba tu, ule wa kawaida, hamna chembe wala vumbi linalong'aa. Nikakaa palepale kwenye sakafu ya gereji nikamshukuru Mungu, maana miaka michache nyuma kidole hikihiki kilitoka na vumbi la chuma kama nimekichovya kwenye rangi ya fedha, na ndo nikajua kamshafti mpya, ile shafti yenye meno yanayofungua valvu, niliyoifunga kwa mikono yangu imekwisha.

Gari yenyewe ni Chevrolet Nova ya 1972, milango miwili, injini V8 ya inchi za ujazo 350, yaani lita 5.7, kabureta ya matundu mawili, giaboksi ya otomatiki yenye gia 3. Niliinunua 2019 hapa Houston kwa mzee mmoja aliyekuwa anahama nyumba, dola 7,500, inatembea ila imechoka. Hizi ndo gari ambazo Wamarekani wanaziita gari za misuli, bodi ndogo injini kubwa. Sasa injini hii kwenye makaratasi ilitoka kiwandani na hosipawa 165 tu, na mtu akisikia lita 5.7 halafu 165 anakunja uso. Mwaka huo una habari yake. 1970 kampuni hiyohiyo ilikuwa inauza Chevelle yenye injini ya 454 na hosipawa 450. 1971 General Motors wakashusha kompresheni ili injini zikubali petroli isiyo na risasi, na 1972 wakaacha kutangaza nguvu ya injini iliyopimwa ikiwa tupu, wakaanza kutangaza ile iliyopimwa ikiwa imefungwa feni, altaneta, ekzosi na vyote inavyobeba ndani ya gari. Kwahiyo sehemu ya anguko lile ni hesabu tu, na sehemu nyingine ni kweli injini ilibanwa. Chuma kimebaki kilekile. Hewa inaingia kwa tundu dogo, moshi unatoka kwa bomba moja jembamba, cheche inapiga kwa kuchelewa. Nguvu ipo, imefungiwa ndani, na kuifungulia sio lazima uwe na hela nyingi.

Mjomba wangu Tanga amekuwa fundi wa Peugeot 504 miaka mingi, mi nikiwa mtoto kazi yangu ilikuwa kumshikia tochi na kumletea spana namba 13. Siku nimenunua hii gari nikampigia video nikamuonyesha injini, nikamsalimia shikamoo mjomba, akaitikia halafu moja kwa moja akasema "Mjomba, usinunue kitu chochote kwanza. Seti taiming. Gari nyingi watu wanazidharau na tatizo ni taiming." Nilikuwa tayari nimejaza kapu la spea mtandaoni, nikalifunga.

Na kweli. Kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba alama ya taiming, yaani ya lini cheche ipige, yenyewe ilikuwa inadanganya. Ile balansa kubwa mbele ya krankshafti ina pete ya nje iliyoshikwa na raba, sasa raba ikifikisha miaka 50 inachoka, pete inateleza kidogokidogo, na alama ya sifuri inahama nayo. Unaweza ukaseti taiming na taa nzuri kabisa ukawa unaseti uongo. Namna ya kuhakikisha ni rahisi na kifaa chake ni kama dola 10. Unatoa plagi zote, unafunga kile kizuizi cha pistoni kwenye tundu la plagi ya silinda ya 1, unazungusha injini kwa mkono polepole mpaka pistoni iguse, unaweka alama, unarudisha upande wa pili mpaka iguse tena, unaweka alama nyingine, na katikati ya hizo alama mbili ndo juu kabisa pa kweli. Yangu ilikuwa imehama digrii 8! Nikapaka alama mpya kwa rangi nyeupe ya kucha, af baadae nikabadili balansa yote maana pete iliyoanza kuteleza haitaacha.

Baada ya hapo nikaipeleka taiming ya kuanzia kwenye digrii 12, nikabadili zile springi ndogo na vyuma vya uzito ndani ya distributa, pakti nzima haikufika dola 20, ili ifike digrii 36 jumla kwenye mizunguko kama 2,800 kwa dakika. Na ule mpira wa vakyumu wa distributa ambao mtu alikuwa ameuchomoa na kuuziba kwa skrubu nikaurudisha. Sijui niwaelezeje tofauti yake. Gari ilikuwa ukikanyaga inafikiria kwanza, sasa ukikanyaga inaondoka. Kabureta ileile, ekzosi ileile, matumizi chini ya dola 60 pamoja na taa ya taiming na geji ya vakyumu. Na hiyo geji ya vakyumu kila mwenye gari ya kabureta awe nayo kwa kweli, ukiona sindano imetulia kwenye 18 mpaka 20 injini ikiwa sailensa unalala usingizi, ukiona inacheza ujue kuna valvu au gasketi inalia.

Pointi, zile swichi ndogo za zamani za kupiga cheche ndani ya distributa, nimezitumia miezi michache kwa mapenzi tu ya kukumbuka Tanga, halafu nikaenda yadi ya magari mabovu nikachomoa distributa ya HEI, ile ya elektroniki ambayo GM waliifunga kwenye gari zao za 1975 na kuendelea. Dola 45. Angalizo moja hapa, maana watu wengi wanafunga halafu wanasema mbovu: waya wa zamani uliokuwa unaenda kwenye koili una ukinzani ndani yake, haupeleki volti 12 kamili, HEI ukiipa waya ule itawaka lakini itakuwa dhaifu na ukipandisha mizunguko inaanza kumisi. Vuta waya mpya mnene kutoka kwenye boksi la fyuzi. Af mwanya wa plagi unaweza kuupanua mpaka inchi 0.045.

Kabureta na manifoldi nazo nimezitoa yadi. Manifoldi ya chuma na Rochester Quadrajet yake, kabureta ya matundu manne, kutoka kwenye pikapu, dola 80 zote mbili, na seti ya gasketi dola 40, na wikiendi nzima nikiwa na beseni la dawa ya kusafishia. Kuna watu watakuambia Quadrajet ni shida, chukua kabureta ya Edelbrock mpya ya 600, yaani inayopitisha futi za ujazo 600 za hewa kwa dakika. Edelbrock ni nzuri, ukiwa na hela nunua tu na manifoldi yake ya aluminiamu inayopunguza kilo kadhaa mbele. Ila usikubali mtu akuuzie likabureta likubwa eti kwa sababu injini ni V8. Hesabu ni ndogo: inchi za ujazo mara mizunguko ya juu unayofika, gawa kwa 3,456. Yangu ni 350 mara 5,500, ukigawa unapata 557, na hapo umechukulia injini inajaza kikamilifu kila pumzi, kitu ambacho injini ya barabarani haifanyi. Kwahiyo 600 inatosha na kubaki. Quadrajet inaandikwa 750 lakini yale matundu mawili makubwa ya nyuma yana kibao cha juu kinachofunguka kadiri injini inavyohitaji hewa, na matundu ya mbele ni madogo sana, ndo maana ukiendesha kistaarabu inakula mafuta kidogo kuliko ile ya matundu mawili niliyoitoa. Mipira ya petroli badili yote ukigusa kabureta. Petroli ya huku ina ethanoli mpaka asilimia 10 na mipira ya zamani inalainika inaanza kuvuja juu ya manifoldi ya moto, gari ngapi zimeungua hivyo.

Ekzosi nimechomelewa mabomba mawili ya inchi 2 na robo na kiunganishi cha H katikati, dola 450, hicho ndo kitu ghali kuliko vyote kwenye awamu ya kwanza. Zile hedasi za mabomba marefu sijaweka. Zinaongeza nguvu, ni kweli, ila zinavuja kwenye gasketi, zinachoma waya za plagi, na kwa injini ya kutembelea mjini manifoldi za chuma zinatosha.

Sasa nije kwenye kilichoniuma.

2022 nikaamua kubadili kamshafti na hedi. Hedi nilipata zile za Vortec, za pikapu za GM za 1996 kwenda 2000 zenye injini hiihii ya 350, ambazo chemba yake ni ndogo, cc 64, wakati zangu zilikuwa cc 76, kwahiyo kompresheni inapanda yenyewe bila kugusa pistoni, na njia za hewa zimechorwa vizuri zaidi. Kama unafuata njia hii ujue mambo mawili, manifoldi ya zamani haiingii kwa sababu boliti zimekaa tofauti, hivyo yule chuma wangu wa yadi ilibidi nimuuze ninunue ya aluminiamu ya Vortec, na pili ukiweka kamshafti inayonyanyua valvu kupita kama inchi 0.460 gaidi za valvu zinagongwa, mpaka upeleke kwa fundi wa mashine azikate. Kamshafti niliyochagua ilikuwa ya upole, haihitaji kitu kingine.

Nilipofungua kava ya mbele nikakuta giya ya taiming ya kiwandani bado ipo, ile yenye meno ya nailoni. Walifanya hivyo ili injini iwe kimya. Meno matatu hayapo. Nikashusha sampu nikayaokota mawili na nusu yamekwama kwenye wavu wa pampu ya oili, yamekuwa rangi ya kahawia, makavu, ukibonyeza kwa kucha yanavunjika kama biskuti. Injini ilikuwa inavuta oili kupitia hayo mabiskuti sijui kwa muda gani! Cheni mpya ya roli mbili ni kama dola 60. Kama una injini ya zamani ya Chevrolet na hujui historia yake, hii cheni ije kabla ya mbwembwe zote.

Nikafunga kila kitu. Nikaenda duka moja la spea kununua oili, nikamweleza mtu wa kaunta kwamba ni kamshafti mpya kwenye injini ya zamani, akanipa 5W-30 ya ofa akasema oili za siku hizi ni bora kuliko zote zilizowahi kutengenezwa, weka tu. Nikaweka. Halafu nikawasha, haikuwaka haraka kwa sababu kabureta ilikuwa kavu, nikasaga stata kama dakika nzima, na ilipowaka nikaiacha sailensa nizunguke na tochi kuangalia kama inavuja. Makosa mawili hapo ni yangu na nayasema ili mwingine asiyarudie. Kamshafti ya aina hii ikiwaka mara ya kwanza unaipeleka hapohapo mizunguko 2,000 mpaka 2,500, unaichezesha humo dakika 20 mpaka 30, hutakiwi kuiacha sailensa kabisa, kwa sababu meno ya kamshafti yanapata oili kwa kurushiwa na krankshafti tu, ikizunguka polepole hairushi ya kutosha. Na kabureta uijaze petroli kabla hujagusa ufunguo.

Baada ya maili kama 400 ikaanza kugonga, tak tak tak upande wa kushoto, halafu kabureta ikaanza kukohoa. Nikaseti tapeti, ikatulia siku mbili, ikarudi. Nikachomoa lifta za silinda ya 5, vile vipande vinavyosukumwa na meno ya kamshafti ili valvu zifunguke. Uso wa lifta mpya unatakiwa uwe na kitumbo kidogo sana, hukioni kwa macho mpaka uweke rula juu yake. Ile ya ekzosi ilikuwa imebonyea katikati kama kijiko cha chai. Ukipitisha kidole unasikia kingo. Na jino la kamshafti lililokuwa linaisukuma limekuwa duara, hamna jino tena.

Ndo nikaanza kusoma kwa uchungu, na hii sehemu naomba usiiruke hata kama gari yako ni 504 au Datsun 1200 au Corolla ya injini ya 3K, maana hizo nazo tapeti zake ni za kusuguana hivihivi. Kwenye injini hizi jino la kamshafti linateleza juu ya uso wa lifta, chuma juu ya chuma, na wanagusana kwenye mstari mwembamba mno wenye mgandamizo mkubwa. Jino limekatwa kwa mshazari kidogo na lifta ina kile kitumbo ili lifta izunguke kila inaposukumwa, isichakae sehemu moja. Ikiacha kuzunguka, wote wawili wanakufa. Kinachowalinda ni kiungo kimoja kwenye oili, mchanganyiko wa zinki na fosforasi. Joto na mgandamizo vikizidi ule mchanganyiko unavunjika na kuacha utando juu ya chuma, na ndo unaoliwa badala ya chuma.

Miaka ya zamani oili ilikuwa nao wa kutosha. Shida ni kwamba fosforasi inapita kidogokidogo kwenye ekzosi na kuua masega, yale ya kusafisha moshi, na gari za Marekani zilianza kufungwa masega modeli za 1975. Kwahiyo viwango vikapunguzwa hatua kwa hatua, na kwenye daraja la oili la API SM la 2004 (API ni taasisi ya petroli ya Marekani) oili nyepesi kama 5W-30 na 10W-30 zikawekewa mwisho wa fosforasi sehemu 800 kwa milioni. Gari mpya hazijali, lifta zake zina roli, Chevrolet wenyewe walianza kufunga roli kwenye hii injini mwaka 1987. Yangu ni ya 1972, haina roli wala masega. Mtu wa kaunta hakudanganya kwamba oili ile ni bora, ni bora kwa gari nyingine.

Ninachotumia sasa ni Valvoline VR1 10W-30, ina zinki ya kutosha na inapatikana dukani kawaida. Kote 5, yaani karibu lita 4.7 pamoja na filta. Kabla sijabadili beringi nilikuwa naweka oili ya dizeli 15W-40, na hiyo ndo njia ya bei nafuu kuliko zote, kwa sababu oili za injini za dizeli za lori zimebaki na zinki nyingi kuliko za petroli. Nyumbani ndo rahisi kabisa kuipata, angalia nyuma ya kidumu kama kumeandikwa CH-4 au CI-4, na hakikisha kifuniko hakijaguswa. Alama ya kukwepa ni ile nembo yenye ncha ncha kama jua mbele ya kidumu, hiyo inamaanisha zinki imepunguzwa.

20W-50 watu wanaipenda sana kwa kuwa geji ya presha inapanda. Kwa injini iliyochakaa sawa, inasaidia. Kwa beringi mpya mi naona ni kujinyima, asubuhi inachelewa kufika juu na inakula nguvu kuizungusha. Kanuni ya mafundi ni presha ya oili psi 10 kwa kila mizunguko 1,000, ukiipata injini ikiwa ya moto usihangaike na oili nzito. Vile vichupa vya kuongeza zinki tumia kwa kipimo kama umekosa kabisa oili sahihi, ila usimimine viwili ukidhani unazidisha ulinzi, zinki ikipita kiasi nayo inaanza kula chuma. Sinthetiki haina ubaya, lakini sili za zamani zinaweza kuanza kuvuja ukiiweka, na kamshafti mpya ya kusuguana haizoeshwi kwa sinthetiki.

Kwahiyo nilishusha injini, kwa sababu vumbi la chuma lilikuwa limeshapita kote. Beringi mpya, pampu mpya, njia zote za oili nimepitisha brashi ndefu na sabuni mpaka maji yakatoka meupe, kamshafti nyingine na lifta nyingine, oili maalumu ya kuzoesha, kabureta imejazwa petroli kwa chupa ndogo, pampu ya oili nimeizungusha kwa drili kupitia tundu la distributa mpaka nikaona oili inatoka kwenye roka zote 16. Ikawaka mara ya kwanza tu. Nikashikilia 2,200 dakika 25 na feni kubwa ya nyumbani nimeiweka mbele ya rejeta. Nikamwaga, nikabadili filta, maili 500 nikamwaga tena. Sasa hivi ni kila maili 3,000 au miezi 6.

Breki za mbele zilikuwa za dramu, nimeweka diski. Fremu ya mbele ya Nova hii ni ileile ya Camaro za 1967 mpaka 1969 kwahiyo spea zimejaa. Fanya hivyo kabla ya kutafuta nguvu, sio baada. Imebaki difu tu. Nilinyanyua tairi moja, nikalizungusha mara mbili kamili huku namhesabia propela shafti, ikazunguka mara 3 na kidogo, yaani 3.08. Nataka 3.42 ambayo bado inakuacha ukae barabara kuu bila injini kupiga kelele, natafuta ya kutumika.

Jumamosi baada ya kujaza oili mpya nilikata na filta ya zamani nikakunjua karatasi yake yote juani, kurasa kwa kurasa. Safi. Nikawasha, nikarekodi sailensa sekunde 30 nikamtumia mjomba. Tanga ilikuwa usiku, nikajua ataisikia kesho. Baada ya dakika chache akajibu kwa picha, bila neno lolote: kidumu cha 15W-40 juu ya boneti ya 504 yake, kimemulikwa na tochi, na kidole chake kimeweka kwenye maandishi CI-4.